Mapengo Katikati ya Vitufe

Mathenge alimwacha Inspekta Mbeti amesimama mlangoni hadi alipomaliza kikombe kizima cha chai. Alipoinua uso, alimtazama mtu aliyesimama nyuma ya inspekta, Mugendi, fundi wa kompyuta kutoka Nyeri mjini, akamkaribisha yeye.

"Ingia, afande. Na huyu karani wako pia akae."

"Afande ni mimi," Mbeti alisema. "Huyu ni fundi."

Mathenge hakuomba radhi. Alikuwa meneja wa Machinjio ya Thegu, machinjio ya watu binafsi kando ya barabara ya Nanyuki, kwa miaka kumi na minne, na katika muda huo alikuwa amezoea kuombwa radhi, si kuomba.

"Wewe ni wa wapi, madam?"

"Upelelezi, Nyeri."

"Nauliza nyumbani."

"Embu."

"Aa. Embu." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetoa unywele kwenye supu. "Sasa mmekuja kufanya nini? Huyo msichana wa Kisomali mlishachukua. Kesi imeisha."

"Watu wanne wamekufa, Bwana Mathenge. Kesi ya namna hiyo haiishi kwa siku tano."

Jumamosi ya tarehe kumi na nane Oktoba, kulikuwa na harusi Gakindu. Nyama ya karamu ilikuwa imenunuliwa Thegu siku moja kabla. Kufikia Jumanne, Watiri, nyanyake bibi harusi, alikuwa ameaga dunia akitapika damu. Kufikia Ijumaa watu wengine watatu walikuwa wamemfuata. Daktari alisema ni kimeta. Afisa wa afya alikuwa amepiga simu machinjioni Jumatano ya wiki hiyo, akataka orodha ya ng'ombe wote waliochinjwa Ijumaa ile, na wenyewe ni akina nani. Alipofika Alhamisi asubuhi kuichukua, orodha haikuwepo.

Orodha hizo ziliwekwa kwenye kompyuta na karani wa mapokezi aliyeitwa Nurto, kila siku na faili yake. Faili za mwezi mzima zilikuwepo isipokuwa hiyo moja. Na baba yake Nurto alikuwa Olow wa Nanyuki, mfanyabiashara anayenunua ng'ombe Doldol na kuwaleta Thegu kila wiki. Wakubwa wa kituo walihitaji kama robo saa kuunganisha hayo mawili na kumtia msichana ndani. Mbeti alikuwa ameisoma ripoti yao mara mbili akitafuta ushahidi. Alichokipata ni jina la Olow, mara kumi na moja.

Alitoa karatasi moja kwenye mkoba wake akaiweka mezani.

"Hii ni idhini yako ya sisi kukagua. Soma kwanza, halafu kama umekubali utie sahihi."

Mathenge aliichukua. Akaisogeza mbali na uso, akairudisha karibu, akaigeuzia dirishani. Midomo yake ilitikisika kidogo kama ya mtu anayesoma. Mbeti alitazama ukutani, ambako namba za simu zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu nene, kila tarakimu ndefu kama kidole.

"Una miwani? Tunaweza kungoja."

"Miwani ni ya wazee. Mimi naona ng'ombe mgonjwa nikiwa nimekaa hapa na yeye akiwa Naro Moru."

"Kwa hiyo umesoma."

"Nimesoma." Akatia sahihi kubwa, iliyopita juu ya mistari miwili ya maandishi.

"Wewe mwenyewe unatumia kompyuta?"

"Mimi?" Mathenge alicheka. "Mimi ni mtu wa ng'ombe, madam. Ati kompyuta! Hata kuwasha sijui." Akaelekeza kidevu pembeni, kwenye meza ndogo iliyokuwa na mashine iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. "Hiyo ilikuja pamoja na ile ya karani, zilikuwa zinauzwa mbili mbili. Ni pambo tu."

"Ufunguo wa chumba cha karani uko na nani?"

"Yeye alikuwa na wake. Mimi niko na wa kila mlango, mimi ndio meneja. Lakini hiyo mashine ni yake peke yake. Hakuna mtu mwingine hapa anajua hiyo vitu."

Mbeti aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, pamoja na kicheko.

*

Chumba cha karani kilikuwa na dirisha moja lililotazama boma la kupokelea ng'ombe. Karatasi ya lakiri ya polisi ilikuwa bado juu ya kitasa, haijachanwa tangu Alhamisi. Mbeti aliikata mwenyewe, akaandika saa: nne na dakika ishirini. Mathenge alifuata, akajiegemeza mlangoni mikono mifukoni, kama mwenye nyumba anayewalinda mafundi wa bomba wasiibe vijiko.

Mugendi aliiwasha mashine, akavuta kiti, akaguna.

"Hii ni ya makumbusho, afande. Watu wameshahamia programu ya tisini na tano, hawa bado wako na ile ya zamani. Ona hata vumbi kwenye kibodi."

"Nilikuita usome, si ucheke. Faili ya Ijumaa ilifutwa lini?"

Mugendi alibonyeza hapa na pale. Halafu akacheka hata hivyo.

"Betri ya ndani imekufa. Kila ukiwasha, mashine inadhani ni tarehe moja Januari 1980. Ukiniuliza faili ilifutwa lini, ni hiyo siku. Kila kitu humu ndani kilifanyika hiyo siku."

"Ndiyo sababu anaweka tarehe kwenye jina."

"Jina gani?"

Mbeti alielekeza kidole kwenye skrini. Mugendi alikuwa amefungua programu ya kupangia mafaili, ile aliyoiita kabati. Upande wa kulia majina yalikuwa yamejipanga: JTATU13, JNNE14, JTANO15, ALHAM16, kisha JMOSI18. Kati ya Alhamisi na Jumamosi hapakuwa na kitu.

"Karani huyu aligundua saa ya mashine ni mbovu, akatafuta njia yake," Mbeti alisema. "Kampuni nzima imekaa na betri mbovu, yeye peke yake ndiye aliyelifikiria hilo."

"Mjanja sana," Mathenge alisema kutoka mlangoni. "Ndio nawaambia. Hao watu ni wajanja. Na printa? Mnajua ananiambia ati ribon iliisha Agosti?"

"Iliisha Agosti?"

"Iliisha. Lakini mtu mwaminifu angeandika kwa mkono."

Mbeti alifungua droo. Kalamu mbili, kitana, paketi ya njugu, na disketi moja nyeusi. Kwenye kibandiko chake kulikuwa na neno moja kwa wino wa bluu: OLOW.

Mathenge aliondoka mlangoni kwa mara ya kwanza. "Ehe! Si mnaona? Nilisema! Alihamisha orodha akampelekea babake!"

Mugendi aliitia disketi kwenye mashine, ikanguruma kwa muda, halafu faili tatu zikajitokeza. Alifungua ya kwanza. Ilikuwa barua kwa daktari wa mifugo, ya mwezi wa Mei, ikiomba kwa heshima ng'ombe wa Bwana Olow wachanjwe kimeta kabla ya kuletwa sokoni. Ya pili ilikuwa ombi hilo hilo, mwezi wa Julai. Ya tatu ilikuwa shukrani, kwa kuwa chanjo ilikuwa imefanyika, ikitaja namba za vyeti vyote thelathini na moja.

"Ndiyo siri yenyewe hiyo," Mbeti alisema. "Mzee anachanja ng'ombe wake. Fundi, toa hiyo disketi. Bwana Mathenge, rudi mlangoni."

Alirudi, lakini pole pole, akihakikisha wameona kwamba anarudi kwa hiari yake.

Mbeti alivuta kibao akaketi karibu na Mugendi. Alikuwa haelewi sana kompyuta na hakuona sababu ya kuficha hilo. Alitazama skrini jinsi anavyotazama chumba cha marehemu, kutoka juu kwenda chini, akiuliza kila kitu kimewekwa hapo na nani.

"Hivi vipicha vya juu ni nini?"

"Hiyo ndiyo toolbar. Mstari wa vitufe. Badala ya kutafuta amri kwenye orodha ndefu, unabonyeza kipicha." Mugendi aliongea kama anayemweleza mtoto. "Hiki kinafungua dirisha, hiki kinaonyesha majina, hiki kinayapanga kwa alfabeti. Hiki chenye X ni cha kufuta."

"Mbona vitatu vimekaribiana hivi, halafu hiki cha X kimesukumwa kando peke yake?"

Mugendi alisogeza uso karibu na kioo.

Vitufe vilikuwa vinne tu. Vitatu vilikuwa vimebanana upande wa kulia. Cha X kilikuwa mwanzo kabisa wa mstari, kushoto, na kati yake na vile vingine palikuwa na pengo pana.

"Haiji hivyo kutoka kiwandani," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepoteza ule ualimu. "Kiwandani inakuja na vitufe vingi, vimepangwa sawasawa. Huyu mtu amejipangia."

"Anajipangiaje? Nionyeshe, usiniambie. Lakini usibadilishe kitu."

Mugendi alisogeza kipanya hadi kwenye sehemu tupu ya kijivu, akabonyeza mara mbili haraka. Kisanduku kikafunguka, kikiwa na orodha mbili zilizotazamana.

"Kushoto ni ghala. Vitufe vyote unavyoweza kupata. Kulia ni vile ulivyoweka kwenye mstari. Unachagua kimoja hapa, unakiongeza kule. Ukitaka kukitoa, unakitoa. Unaweza kukipandisha au kukishusha ndio ubadilishe mpangilio." Alishusha kidole kwenye orodha ya kulia, akihesabu kimya. "Na hii hapa ni nafasi. Ni kitu unaongeza kama kitufe, lakini haina picha. Inatenganisha tu. Mtu ameweka nafasi... moja, mbili... ameweka sita. Sita mfululizo! Nani anahitaji nafasi sita?"

Mbeti aliandika: sita. "Kifunge vilevile. Nani mwingine hukaa chumba hiki?"

*

Wamucii alikuwa mpima ngozi. Daftari lake na thamosi yake vilikaa kwenye chumba cha Nurto kwa sababu kibanda cha ngozi kilivuja. Alikuja akijifuta mikono kwenye aproni, akamwona Mathenge mlangoni, akasimama.

"Bwana Mathenge atatungoja kwenye korido," Mbeti alisema.

"Hii ni machinjio yangu."

"Na korido pia ni yako. Utakuwa nyumbani."

Mlango ulipofungwa, Mbeti alimkalisha Wamucii mbele ya skrini.

"Umekaa na Nurto kwa muda gani?"

"Mwaka na miezi, madam. Tunakunywa chai pamoja. Yeye anakuja na sambusa."

"Ijumaa ya tarehe kumi na saba ulikuwepo?"

"Sikuwa. Nilikuwa nimepeleka mtoto kliniki."

"Jumatano iliyopita je, siku afisa wa afya alipopiga simu?"

"Nilikuwa, lakini Nurto hakuwa. Meneja alimwambia aende nyumbani mapema, saa saba hivi. Mimi nikafungiwa nje. Hata thamosi yangu ililala ndani."

"Nani alifunga?"

Wamucii alitazama mlango. "Wenye kuwa na ufunguo ni wawili tu, madam. Na mmoja alikuwa ameenda nyumbani."

Mbeti aligeuza kiti cha Wamucii kielekee kompyuta. "Umewahi kumwona Nurto akifanya kazi na hii? Angalia huu mstari wa juu. Ndivyo ulivyokuwa?"

Wamucii aliangalia. Aliinamisha kichwa upande mmoja, halafu mwingine.

"Hii ya X haikuwa."

"Una hakika?"

"Niko na hakika. Mwezi wa tatu Nurto alibonyeza hiyo kwa makosa, orodha ya Jumanne ikapotea. Alilia! Alikaa hapa mpaka jioni akiandika upya kutoka kichwani. Na huyu," akaelekeza mlango kwa macho, "akaita wafanyakazi wote kwa boma, akamwambia mbele ya watu ati ngamia angefanya hiyo kazi vizuri kuliko yeye. Kesho yake Nurto akaitoa. Nilikuwa hapa. Alitoa karibu zote, akabakisha tatu. Akaniambia, 'Wamucii, sasa hata nikiwa na usingizi haiwezi kupotea.'"

"Akitaka kufuta kitu?"

"Alikuwa anafuta na kibodi, kwa kufikiria kwanza. Lakini orodha hakuwa anafuta. Aliziogopa kama mayai."

Mbeti alimtaka atie sahihi maelezo yake. Wamucii alishika kalamu, akasita.

"Akijua ni mimi nimesema, nitafutwa kazi."

"Akifuta mtu mwingine kutoka hapa leo, nitashangaa sana."

Wamucii akatia sahihi.

*

Mbeti aliwaita wote ndani. Alimwambia Mugendi akae kwenye kiti, akamweka Mathenge nyuma yake, mahali pa kuona kila kitu kama angeweza kuona.

"Fundi, nieleze mtu aliyefuta faili hii ni wa namna gani. Kwa ujuzi wako. Usione haya."

Hilo ndilo swali Mugendi alilokuwa akilingoja tangu Nyeri.

"Si karani. Karani anajua kibodi. Kwenye kibodi kuna ufunguo umeandikwa Delete, hapa, hata mtoto wa nasari akiambiwa mara moja anajua. Huyu mtu hajui. Amefunguliwa kabati, faili iko mbele yake, na hawezi kuifuta kwa sababu kitufe alichofundishwa hakipo. Basi anaenda ghalani, anatafuta kitufe, anakileta, anakipanga. Ni kama mtu ameingia kuiba kuku, halafu anajenga mlango kwanza."

"Na hizo nafasi sita?"

"Hizo sasa ni ushamba tu. Hazina kazi. Mtu ameona anaweza kuongeza, akaongeza na akaongeza. Urembo. Anafikiri anashona kitambaa. Mjinga kabisa."

"Rudia hilo la mwisho," Mbeti alisema. "Nataka kuliandika vizuri."

"Mjinga kabisa. Mshamba aliyeonyeshwa kompyuta siku moja na..."

"Mjinga ni wewe!" Mathenge alisukuma kiti cha Mugendi kwa goti. "Ati urembo! Umesomea wapi? Hizo si za urembo. Ukiviweka pamoja vile vidude vidogo, mtu anabonyeza cha kufungua akitaka cha kufuta. Unaweka nafasi ndio mkono usikosee. Ziko kwa ile orodha ya kushoto, juu kabisa, unaongeza mara sita, halafu..."

Alirudisha mikono mifukoni.

Nje, ng'ombe mmoja alilia bomani, mwingine akamjibu. Wamucii alitazama sakafu kwa bidii. Mbeti aliendelea kuandika, bila haraka, mpaka alipofika mwisho wa sentensi.

"Juu kabisa, ulisema? Nilikuwa nimeandika kushoto tu."

"Niliwahi kuona mtu akifanya."

"Ukiwa wapi?"

"Mahali."

"Na uliona vizuri? Kwa sababu karatasi niliyokupa asubuhi hukuisoma, Bwana Mathenge. Uliitikisia midomo. Ungeisoma ungeona inasema kompyuta zote zilizomo katika jengo hili, si moja." Aliikunjua, akamsomea sentensi hiyo kwa sauti ambayo ilifika mpaka korido, pamoja na tarehe na sahihi. "Twende tukaone pambo lako."

"Huwezi. Hiyo ni ya ofisi."

"Na ofisi imo katika jengo hili."

Kitambaa cha kufuma kilikuwa na vumbi pande zote isipokuwa kwenye ukingo wa mbele, unaoshikwa mtu anapokiinua. Mugendi aliwasha. Mathenge alibaki amesimama mlangoni mwa ofisi yake mwenyewe, safari hii bila kukaribishwa.

Barua zilikuwa mle nyingi, kwa wanunuzi, kwa mfanyabiashara wa chumvi, kwa kanisa, zote kwa herufi kubwa kama za bango. Mugendi alifungua kabati la mafaili. Juu ya skrini, mwanzo kabisa wa mstari, kulikuwa na kitufe cha X peke yake. Halafu pengo. Halafu kitufe cha kufungua, na pengo jingine.

Mugendi alifungua kisanduku cha mpangilio, akahesabu kwa kidole.

"Sita," alisema. "Kila mahali sita."

"Ni mkwe wangu alinipangia," Mathenge alisema. "Kwa sababu ya macho. Akanionyesha mara mbili tu." Kisha, kana kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi, "Na nilishika mara moja! Msiniite mjinga."

"Hakuna anayekuita mjinga tena," Mbeti alisema. "Tunakuita mshukiwa."

*

Alimgeukia Mugendi. "Faili iliyofutwa, inaenda wapi?"

"Haiendi mahali. Mashine inasahau tu herufi ya kwanza ya jina, inajifanya pale pako wazi. Mtu akiandika kitu kingine juu yake, basi imekwenda. Lakini hii imefungiwa tangu Alhamisi..." Alikuwa ameshasimama. "Ngoja."

Walirudi chumba cha Nurto. Mugendi alifunga madirisha yote ya programu mpaka skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja mweupe ukimeta. Aliandika neno moja, akangoja. Mashine ikatafuna, ikatulia, ikatoa jina lenye alama ya kuuliza mbele: ?JUMAA17.

"Inauliza kama tunaitaka," Mugendi alisema. Hapakuwa na dharau yoyote iliyobaki sautini mwake. "Na inataka herufi ya kwanza."

Mbeti alinyoosha mkono mwenyewe akabonyeza I.

Orodha ilikuwa ya wanyama tisa. Wanne wa kwanza walikuwa wa wafugaji wa Kieni. Watatu waliofuata walikuwa wa Olow wa Nanyuki, wametoka Doldol, WAZIMA, WAMESIMAMA, na kila mmoja na namba ya cheti cha chanjo. Wa nane alikuwa mtamba wa mkulima mmoja wa Kiganjo. Wote wanane walikuwa wamepita kwa mkaguzi wa nyama, ambaye saa alizofika na kuondoka zilikuwa zimeandikwa pia. Aliondoka saa tano na nusu.

Mbeti alisoma mstari wa tisa kwa sauti, kwa kuwa mmoja wa waliokuwemo hakuweza kuuona.

"'Saa nane mchana. Fahali mwekundu. Mwenyewe: Bwana Mathenge. Ameletwa kwa trekta akiwa amekufa, damu puani, haigandi. Nimekataa.'" Alishusha macho. "Halafu: 'Meneja amesema achinjwe, ni wa harusi ya Gakindu. Nimekataa tena. Ameniambia nitoke nje.'"

Wamucii alifunika mdomo kwa aproni.

Mathenge alikuwa ameketi juu ya kibao bila kualikwa. Uso wake ulikuwa umelegea, lakini kinywa bado kilikuwa na nguvu.

"Alikuwa bado moto," alisema. "Fahali mzima kama huyo, nimzike? Na nyama ikichemshwa vizuri haiui mtu. Hao watu wa Gakindu wanakula vitu vibichi, hawana..." Alitafuta neno. "Hawana subira."

"Watiri alikuwa na miaka themanini na moja. Utawaeleza watoto wake habari ya subira. Simama."

"Madam, mimi najulikana hapa."

"Ndiyo. Sasa utajulikana mpaka Gakindu."

Alimfunga pingu mwenyewe. Mathenge aliziinua karibu na uso, akazisogeza mbali, akazirudisha karibu, kama mtu anayetafuta mahali ambapo chuma hicho kingeonekana kuwa kitu kingine.

*

Kituoni, Koplo Theuri alikuwa zamu kaunta. Alisoma hati ya kumwachilia Nurto, akaisoma tena, akaonekana amekerwa na kila neno.

"Si tungengoja mpaka kesho, madam? Mkubwa wetu OCS akirudi."

"Fungua seli, koplo."

Nurto alitoka ameshika viatu mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, mtandio wake umefungwa vizuri kana kwamba anaenda kazini. Kwenye benchi la nje baba yake alikuwa ameketi, mahali alipoketi kwa siku tano, na alipomwona akasimama, lakini Nurto alimwashiria angoje.

"Tumeipata faili," Mbeti alimwambia. "Tumesoma mstari wa tisa. Mathenge yuko ndani. Uko huru."

"Mmesoma?"

"Yote."

Nurto aliitikia kwa kichwa. Hakushukuru. Theuri alisukuma kitabu cha kaunta mbele yake na kalamu juu yake. "Weka sahihi hapa uende nyumbani."

"Hapo mumeandika nini?"

"Si ni release tu. Weka."

"Kwa ile karatasi yangu ya Alhamisi. Statement yangu. Mliandika nini?"

Mbeti alikuwa nayo mkobani. Aliifungua juu ya kaunta. Ilikuwa nusu ukurasa, kwa mwandiko wa Theuri: jina la baba, kabila la baba, kazi ya baba, baba ananunua ng'ombe wapi, baba anakuja Thegu siku gani.

Nurto aliisoma kwa utulivu mpaka mwisho.

"Nilimwambia ng'ombe ni wa Mathenge," alisema. "Siku ya kwanza. Nikamwambia alikuja amekufa. Nikasema mara mbili. Huyu akaweka kalamu chini, akaniambia nisichafue jina la mzee wa watu."

Theuri alicheka kidogo kuelekea kwa Mbeti, akitafuta mwenzake. "Madam, unajua hawa..."

"Sijui," Mbeti alisema. "Endelea."

Theuri alikirudia kitabu cha kaunta, akakisogeza karibu zaidi na Nurto.

"Mimi siweki sahihi," Nurto alisema. "Aandike kwanza."

"Aandike nini?"

"Ile nilimwambia."

Mbeti alitazama saa, akavuta kiti, akaketi. Kisha akaisogeza ile karatasi mbele ya Theuri na kuweka kalamu katikati ya vidole vyake.

"Umesikia. Andika."

Theuri aliandika. Nurto alisimama juu yake akimsomea pole pole, neno kwa neno, jinsi mtu anavyomsomea mwanafunzi imla: fahali alikuwa wa Mathenge, aliletwa akiwa amekufa, nilikataa. Alipomaliza, Nurto aliigeuza karatasi, akaisoma yote kutoka juu.

"Umeandika 'alikuja'," alisema. "Mimi nimesema 'aliletwa'. Rekebisha."

Koplo alikata neno, akaandika jingine juu yake. Ndipo Nurto akavaa viatu vyake, akachukua kalamu, akatia sahihi.